Umiliki na uongozi wa Tampa Bay Lightning

Tampa Bay Lightning ni timu ya kulipwa ya hoki ya barafu (mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu) yenye makao yake katika jiji la Tampa, jimbo la Florida, nchini Marekani. Imeshiriki Ligi ya Taifa ya Hoki, inayojulikana kwa kifupi kama NHL, tangu mwaka 1992. Imetwaa Kombe la Stanley, ambalo ndilo taji la ligi hiyo, mara tatu: 2004, 2020 na 2021.

Katika miaka yake 18 ya kwanza timu hii ilipita katika mikono ya wamiliki wanne. Mara mbili katika kipindi hicho ilishuka hadi kuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa za ligi. Kuanzia mwaka 2010 ilikuwa na mmiliki mmoja mkuu kwa zaidi ya muongo, mameneja wakuu wawili waliorithishana kazi, na tangu 2013 kocha mkuu mmoja. Kwa kuwa jiji, ligi na kwa sehemu kubwa hata uwanja havikubadilika, historia ya Lightning inaonyesha kwa uwazi jinsi uthabiti wa umiliki, wa menejimenti na wa ukocha unavyoathiri timu ya hoki. Inaonyesha pia mipaka ya uthabiti huo.

## Mgawanyo wa madaraka katika timu ya NHL

Timu ya NHL huongozwa na ngazi tatu za mamlaka. Mmiliki hutoa fedha, hugharimia hasara na huajiri viongozi wa juu. Meneja mkuu huchagua wachezaji: husimamia wasaka vipaji, husaini mikataba na hubadilishana wachezaji na timu nyingine. Kocha mkuu huwafundisha wachezaji aliopewa, hupanga kikosi na mbinu, na huamua nani acheze na kwa muda gani. Kwa kawaida meneja mkuu ndiye anayemwajiri na kumfukuza kocha, na mmiliki ndiye anayemwajiri na kumfukuza meneja mkuu.

Tofauti na soka ya Ulaya au ya Afrika Mashariki, katika NHL hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu inayoshika mkia hubaki ligini, nayo hupata nafasi nzuri zaidi katika uteuzi wa wachezaji chipukizi unaofanyika kila mwaka. Wanaoteuliwa huwa na umri wa miaka 18 hivi, na wengi wao huhitaji miaka kadhaa katika timu za vijana au katika ligi ndogo kabla ya kuwa tayari. Kwa sababu hiyo uamuzi wa leo huonekana matunda yake baada ya miaka mitatu, minne au zaidi. Meneja mkuu asiyejua kama atakuwepo wakati huo huvutiwa kutoa vijana ili apate wachezaji wakongwe wa kumsaidia mara moja.

Jambo la pili ni kikomo cha mishahara. Tangu msimu wa 2005–06 kila timu imewekewa kiwango cha juu cha fedha za mishahara ya wachezaji. Kiwango hicho kilianza kwa dola milioni 39 na kimepanda sana tangu hapo. Mmiliki tajiri hawezi tena kununua kila nyota anayemtaka. Mkataba mrefu uliosainiwa vibaya huendelea kula sehemu ya kiwango hicho hata baada ya aliyeusaini kuondoka.

Hadi msimu wa 2025–26 msimu wa kawaida ulikuwa kwa kawaida na michezo 82 kwa kila timu. Baada yake timu 16 huingia katika michuano ya mtoano yenye raundi nne, na katika kila raundi mshindi ni timu ya kwanza kufikisha ushindi mara nne.

## Kuanzishwa na umiliki wa Kijapani (1990–1998)

Mnamo Desemba 1990 NHL iliipa Tampa Bay nafasi ya kuunda timu mpya, pamoja na jiji la Ottawa nchini Kanada. Ada ya kuingia ligini ilikuwa dola milioni 50. Kundi lililopewa nafasi hiyo liliongozwa na Phil Esposito, nyota wa zamani wa Boston Bruins, ambaye alikuwa meneja mkuu wa kwanza. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Japani, kwa kampuni ya viwanja vya gofu ya Kokusai Green iliyoongozwa na Takashi Okubo.

Timu ilicheza mchezo wake wa kwanza tarehe 7 Oktoba 1992 na kuifunga Chicago Blackhawks 7–3. Uwanja wa kwanza ulikuwa ukumbi wa maonyesho wenye nafasi kwa watu wachache zaidi ya 10,000. Mwaka 1993 timu ilihamia jiji jirani la St. Petersburg, katika jengo kubwa lililokusudiwa kwa besiboli, na mwaka 1996 ikapata uwanja wake katikati ya Tampa. Esposito alijitahidi kuitangaza hoki katika jimbo lisilo na theluji. Mnamo Septemba 1992 alimpanga golikipa Manon Rhéaume katika mchezo wa kirafiki, na Rhéaume akawa mwanamke wa kwanza kucheza katika mchezo wa timu za NHL.

Chini ya kocha Terry Crisp timu ilifika mtoano kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Hata hivyo mmiliki alikuwa mbali na fedha zilikuwa haba. Mwishoni mwa mwaka 1997 jarida la Forbes liliandika kwamba madeni ya timu yalifikia asilimia 236 ya thamani yake. Crisp alifukuzwa mnamo Oktoba 1997, na msimu wa 1997–98 ukaisha kwa ushindi 17 tu, kushindwa mara 55 na sare 10.

## Art Williams (1998–1999)

Mwaka 1998 timu iliuzwa kwa Art Williams, mfanyabiashara wa bima, kwa takriban dola milioni 117. Mwaka huohuo Lightning ilimteua Vincent Lecavalier akiwa wa kwanza kati ya chipukizi wote. Williams alimfananisha hadharani na Michael Jordan, ingawa kijana huyo alikuwa na miaka 18 na hajacheza mchezo hata mmoja wa NHL.

Mwanzoni mwa msimu wa 1998–99 Williams alimfukuza Esposito na kumkabidhi kocha Jacques Demers kazi ya umeneja mkuu juu ya ile ya ukocha. Kuunganisha kazi hizo mbili kulimaanisha kwamba mtu anayetakiwa kushinda mchezo wa kesho ndiye pia aliyetakiwa kupanga mambo ya miaka mitano ijayo. Timu ilishinda michezo 19 tu. Williams aliiuza baada ya msimu mmoja kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya ile aliyonunulia.

## Bill Davidson na Kombe la kwanza (1999–2008)

Mnunuzi alikuwa Bill Davidson, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Detroit Pistons. Davidson alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kumiliki timu, na hakuwa na desturi ya kuingilia uchaguzi wa wachezaji. Kazi ya umeneja mkuu ilipewa Rick Dudley, kisha mwaka 2002 ikaenda kwa msaidizi wake, Jay Feaster.

Timu haikupona mara moja. Kati ya Oktoba 1997 na Januari 2001 ilifundishwa na makocha wakuu watano: Crisp, Rick Paterson aliyeshika nafasi kwa muda, Demers, Steve Ludzik na John Tortorella. Kila kocha alikuja na mbinu zake, na wachezaji vijana kama Lecavalier walilazimika kuanza upya kila mara.

Tortorella, aliyeteuliwa Januari 2001, alidumu miaka saba. Alijulikana kwa ukali. Aligombana waziwazi na Lecavalier, ambaye alivuliwa unahodha mwaka 2001. Katika timu nyingine mgogoro wa namna hiyo ungeisha kwa mmoja wao kuondoka. Uongozi wa Lightning uliwabakiza wote wawili. Mwaka 2003 timu iliongoza kundi lake, na tarehe 7 Juni 2004 ilitwaa Kombe la Stanley kwa kuifunga Calgary Flames 2–1 katika mchezo wa saba wa fainali. Magoli yote mawili yalifungwa na Ruslan Fedotenko. Brad Richards alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano, Martin St. Louis mchezaji bora wa msimu, na Tortorella kocha bora wa mwaka.

Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kutokana na mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji. Ligi iliporudi na kikomo cha mishahara, golikipa Nikolai Khabibulin aliondoka kwenda Chicago. Fedha nyingi zilibaki kwa washambuliaji watatu, yaani Lecavalier, Richards na St. Louis, na nafasi nyingine zikadhoofika. Timu ilitolewa katika raundi ya kwanza mwaka 2006 na 2007, kisha ikamaliza ya mwisho katika ligi nzima mwaka 2008. Wakati huo Davidson alikuwa amekwisha kuamua kuuza.

## Koules na Barrie (2008–2010)

Mnamo Juni 2008 timu ilichukuliwa na kundi lililoongozwa na Oren Koules, mtayarishaji wa filamu za kutisha za Saw, na Len Barrie, mchezaji wa zamani wa NHL aliyekuwa mwendelezaji wa majengo. Tofauti na Davidson, wamiliki hawa walishiriki moja kwa moja katika mambo ya uwanjani. Mabadiliko yalifuatana kwa kasi katika muda wa miezi sita:

* Tortorella aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Barry Melrose, mchambuzi wa televisheni ambaye hakuwa amefundisha katika NHL tangu mwaka 1995.
* Feaster alijiuzulu mnamo Julai, na Brian Lawton akashika usimamizi wa shughuli za hoki.
* Mlinzi Dan Boyle, aliyekuwa amesaini mkataba mpya wa miaka sita mnamo Februari 2008, alipelekwa San Jose Sharks mnamo Julai. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kilichozuia ahamishwe bila ridhaa yake, na ilibidi aombwe kukiachia.
* Lecavalier alisaini mkataba mrefu wa miaka 11 wenye thamani ya dola milioni 85.
* Matt Carle, mlinzi aliyepatikana katika mabadilishano ya Boyle, naye alihamishiwa Philadelphia Flyers mnamo Novemba, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza.
* Melrose alifukuzwa tarehe 14 Novemba 2008 baada ya michezo 16, na Rick Tocchet akachukua nafasi yake.

Katika mwaka mmoja wachezaji walikuwa wameona makocha wakuu watatu. Msimu ulimalizika kwa ushindi 24 katika michezo 82. Wamiliki wenyewe hawakuelewana, hata mwaka 2009 kamishna wa ligi, Gary Bettman, akalazimika kukutana nao kuhusu tofauti zao. Msimu wa 2009–10 nao ulipita bila mtoano.

Athari za kipindi hicho zilionekana kwa muda mrefu baada yake. Mkataba wa Lecavalier ulivunjwa na uongozi mpya mwaka 2013 kwa malipo makubwa, kwa kuwa ulichukua sehemu kubwa mno ya kikomo cha mishahara. Upande mwingine, matokeo mabaya yaliipa timu nafasi za juu katika uteuzi wa chipukizi. Steven Stamkos aliteuliwa wa kwanza mwaka 2008, na Victor Hedman wa pili mwaka 2009. Wote wawili walikuja kuwa nguzo za timu.

## Jeff Vinik na Steve Yzerman (2010–2018)

Mwanzoni mwa mwaka 2010 timu ilinunuliwa na Jeff Vinik, mwekezaji kutoka Boston aliyewahi kusimamia mfuko mkubwa wa uwekezaji wa Magellan. Vinik hakuwa mtu wa hoki. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kutafuta watu wanaoijua kazi na kuwaachia waifanye. Tod Leiweke aliajiriwa kuwa mkurugenzi mtendaji, na mnamo Mei 2010 Steve Yzerman akawa meneja mkuu.

Yzerman alikuwa nahodha wa Detroit Red Wings kwa miaka 20, kuanzia 1986 hadi 2006, kisha akafanya kazi katika ofisi za klabu hiyo kwa miaka minne. Detroit ilikuwa kielelezo cha uthabiti: ilimilikiwa na familia ya Ilitch tangu 1982, na ilifika mtoano kila msimu kwa misimu 25 mfululizo, kuanzia 1991 hadi 2016. Yzerman alileta Tampa mazoea ya huko: kuwalea wachezaji polepole katika timu tanzu ya ligi ndogo, na kutowapandisha kabla ya wakati.

Vinik naye aliwekeza nje ya barafu. Uwanja ulikarabatiwa mwaka 2011 kwa mamilioni ya dola. Mwaka huohuo taasisi ya hisani ya timu ilianza kutoa dola 50,000 katika kila mchezo wa nyumbani kwa mtu aliyetambuliwa kwa kuitumikia jamii, ili azielekeze kwa mashirika ya hisani. Kwa timu ambayo kudumu kwake mjini kuliwahi kutiliwa shaka, hatua hizi ziliwarudisha watazamaji uwanjani na kuwapa sababu ya kuamini kwamba haitahama.

### Usakaji wa vipaji

Kitengo cha wasaka vipaji kiliongozwa na Al Murray kuanzia mwaka 2010. Kwa kuwa timu haikushika tena mkia, wengi wa wachezaji wake bora wa baadaye walipatikana katika nafasi za chini za uteuzi: Nikita Kucherov akiwa wa 58 mwaka 2011, Ondřej Palát wa 208 mwaka huohuo, golikipa Andrei Vasilevskiy wa 19 mwaka 2012, Brayden Point wa 79 mwaka 2014 na Anthony Cirelli wa 72 mwaka 2015. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mchezaji muhimu katika mwaka alioteuliwa.

### Kutoka Boucher hadi Cooper

Kocha wa kwanza wa kipindi hiki, Guy Boucher, aliifikisha timu fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 2011, lakini baadaye matokeo yalishuka. Alifukuzwa mnamo Machi 2013. Aliyemfuata alitoka ndani ya klabu. Jon Cooper, aliyewahi kuwa wakili katika jimbo la Michigan, alikuwa akifundisha timu tanzu. Mwaka 2012 aliipa Norfolk Admirals ubingwa wa ligi ndogo ya AHL, katika msimu ambao timu hiyo ilishinda michezo 28 mfululizo. Wachezaji kama Palát, Tyler Johnson na Alex Killorn walikuwa wamecheza chini yake huko, hivyo walipopanda walikuta mbinu na kocha wanaowafahamu.

Uthabiti huu haukuwa bila migogoro. Mwanzoni mwa 2014 Yzerman, akiwa pia meneja wa timu ya taifa ya Kanada, hakumjumuisha St. Louis katika orodha ya kwanza ya kikosi cha Olimpiki. St. Louis, aliyekuwa nahodha, aliomba kuhama, na mnamo Machi alikwenda New York Rangers. Stamkos akawa nahodha mpya. Mwaka uliofuata timu ilifika fainali na kufungwa na Chicago katika michezo sita.

Mwaka 2017 Lightning ilikosa mtoano kwa pointi moja. Cooper alibakizwa. Mwaka 2018 ilitolewa katika fainali ya kanda na Washington Capitals bila kufunga goli katika michezo miwili ya mwisho. Cooper alibakizwa tena.

## Mtihani wa mwaka 2019

Mnamo Septemba 2018 Yzerman aliacha umeneja mkuu, na baadaye akarudi Detroit. Nafasi yake ilichukuliwa na Julien BriseBois, aliyekuwa msaidizi wake tangu 2010 na aliyehusika katika kumleta Cooper. Kwa hiyo aliyeondoka alikuwa mtu mmoja tu, na mpango wa kazi ulibaki uleule.

Msimu wa 2018–19 ulikuwa bora katika historia ya timu. Lightning ilishinda michezo 62 kati ya 82 na kufikia rekodi ya ligi iliyowekwa na Detroit mwaka 1996. Lakini katika raundi ya kwanza ya mtoano ilifungwa michezo minne mfululizo na Columbus Blue Jackets, timu iliyofundishwa na John Tortorella, kocha wa ubingwa wa 2004. Tangu ligi ilipopanuliwa mwaka 1967 haikuwahi kutokea kabla ya hapo timu iliyoongoza msimu wa kawaida itolewe katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mchezo mmoja.

Baada ya aibu ya namna hiyo timu nyingi hubadili kocha au huuza nyota. BriseBois hakufanya lolote kati ya hayo. Cooper, aliyekuwa ameongezewa mkataba wiki chache kabla, aliendelea na kazi, na wachezaji wakuu wote walibaki. Yaliyobadilika ni mambo ya pembeni yaliyoonekana kuwa na upungufu: timu ilihitaji wachezaji wagumu zaidi katika kuzuia na katika mapambano. Pat Maroon na Kevin Shattenkirk walisajiliwa kama wachezaji huru, na mnamo Februari 2020 Blake Coleman na Barclay Goodrow walipatikana kwa kubadilishana, kwa gharama iliyojumuisha nafasi mbili za raundi ya kwanza ya uteuzi.

Mwaka 2020, katika michuano iliyochezwa bila watazamaji mjini Toronto na Edmonton kwa sababu ya janga la UVIKO-19, mpinzani wa raundi ya kwanza alikuwa Columbus tena. Mchezo wa kwanza uliamuliwa katika kipindi cha tano cha muda wa nyongeza kwa goli la Point. Lightning ilishinda raundi hiyo 4–1, na tarehe 28 Septemba ikatwaa kombe kwa kuishinda Dallas Stars. Mwaka 2021 ilitetea taji dhidi ya Montreal Canadiens. Mwaka 2022 ilifika fainali kwa mara ya tatu mfululizo, ikafungwa na Colorado Avalanche baada ya kushinda raundi 11 za mtoano mfululizo.

## Kipindi cha baadaye na mmiliki mpya

Kikomo cha mishahara kilianza kukibomoa kikosi. Coleman, Goodrow, Johnson na Yanni Gourde waliondoka mwaka 2021, Palát mwaka 2022 na Killorn mwaka 2023. Mnamo Julai 2024 nahodha Stamkos alijiunga na Nashville Predators baada ya kushindwa kuafikiana na uongozi, na Hedman akarithi unahodha. Badala ya Stamkos alikuja mshambuliaji Jake Guentzel. Timu ilitolewa katika raundi ya kwanza mwaka 2023, 2024 na 2025, lakini Cooper alibaki, na akawa kocha mkuu aliyedumu muda mrefu kuliko wote waliokuwa kazini katika NHL.

Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba hisa nyingi za timu zimeuzwa kwa kundi linaloongozwa na wawekezaji Doug Ostrover na Marc Lipschultz. Kwa makubaliano hayo Vinik aliendelea kusimamia timu katika miaka ya mpito. Utaratibu huo ni tofauti na mauzo ya 1998 na 2008, ambayo kila moja lilifuatiwa mara moja na mabadiliko ya viongozi.

## Mipaka ya uthabiti

Historia ya Lightning haithibitishi kwamba kumbakiza kila mtu kazini ndiyo njia ya ushindi. Kuna mifano inayoonyesha kinyume:

* Mabadiliko ya kocha yaliyofaulu. Los Angeles Kings walibadili kocha mnamo Desemba 2011 na kutwaa kombe mwaka 2012. Pittsburgh Penguins walifanya hivyo katika msimu ulioishia 2009 na tena katika ule ulioishia 2016, na St. Louis Blues katika msimu ulioishia 2019. Katika visa hivyo meneja mkuu na nguzo za kikosi hawakuguswa.
* Mmiliki mmoja bila mafanikio. Buffalo Sabres wamemilikiwa na Terry Pegula tangu mwaka 2011. Kati ya 2013 na 2024 walibadili makocha mara kwa mara, na walikaa misimu 14 mfululizo hadi 2025 bila kufika mtoano, rekodi mbaya kuliko zote katika ligi.
* Umiliki ulioyumba hadi mwisho. Arizona Coyotes waliingia katika kesi ya kufilisika mwaka 2009, wakamilikiwa na ligi yenyewe hadi 2013, na mwaka 2024 shughuli zao zikahamishiwa Salt Lake City.

Aidha, mafanikio ya Tampa yana sababu nyingine. Jimbo la Florida halitozi kodi ya mapato ya jimbo, jambo ambalo wapinzani husema huwavutia wachezaji. Stamkos na Hedman ni matunda ya miaka mibaya, si ya uongozi uliofuata. Mwaka 2021 Kucherov alikuwa majeruhi msimu wote wa kawaida na akarejea katika mtoano, wakati ambapo kikomo cha mishahara hakikutumika. Hilo lilizua malalamiko, ingawa kanuni za wakati huo ziliruhusu.

Ukilinganisha vipindi vya timu hii, tofauti kubwa iko katika mpangilio wa madaraka. Katika miaka ya 1998 na 2008 mmiliki mpya aliingia akibadili uongozi kwa haraka, na mipaka ya kazi ikavurugika. Baada ya 2010 kila ngazi ilibadilika kwa wakati wake, Boucher mwaka 2013 na Yzerman mwaka 2018, huku ngazi nyingine zikishikilia mwelekeo. Kocha aliyeshindwa aliondolewa, lakini kushindwa kwa wiki moja, kama kule kwa 2019, hakukutosha kufuta kazi ya miaka.

## Wamiliki wakuu

* Kokusai Green (hadi 1998)
* Art Williams (1998–1999)
* Bill Davidson (1999–2008)
* Oren Koules na Len Barrie (2008–2010)
* Jeff Vinik (2010–2024)
* Kundi la Doug Ostrover na Marc Lipschultz (tangu 2024)

## Makocha wakuu

* Terry Crisp (1992–1997)
* Rick Paterson (1997, wa muda)
* Jacques Demers (1997–1999)
* Steve Ludzik (1999–2001)
* John Tortorella (2001–2008)
* Barry Melrose (2008)
* Rick Tocchet (2008–2010)
* Guy Boucher (2010–2013)
* Jon Cooper (tangu 2013)